Beringi za Kerezo la Sunnvør

Sunnvør Tausen hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusia kerezo lake, ile mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, hapo utamjua. Miaka thelathini na mmoja alikereza vyuma vya mashua za bandari ya Vágur kwa mashine hiyo moja. Majira yale ya baridi ikaanza kumwaibisha: kila shafti ilitoka na mikwaruzo ya mawimbimawimbi. Eyðun, mwenye karakana, akashika spana asubuhi na mapema, akakaza beringi zinazoshika mhimili wa kerezo mpaka mwisho. Kufika saa nne mhimili ulikuwa moto, ukagoma. Akasema kerezo limezeeka, akampigia simu mtu wa vyuma chakavu aje kulichukua Alhamisi.

Jamani, kukaza beringi zikiwa baridi! Chuma kikipata joto hutanuka, oili inakosa pa kupita, vinasagana. Lakini karakana yenye jiko bovu, inayoamka na barafu madirishani, humponza yeyote, na Sunnvør mwenyewe alilifanya kosa hilo ujanani. Basi hakumcheka Eyðun. Aliomba siku moja tu.

Alifungua vifuniko, akaupaka mhimili rangi ya buluu, akauzungusha, kisha akaikagua shaba ya beringi. Palipogandwa na buluu ndipo palipoinuka, akapakwangua taratibu. Akapaka tena. Mara kumi na saba! Alikula nyama yake kavu ya kondoo kwa vidole vya buluu, wala hakujali. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Alipofunga, aliiacha mashine izunguke bila kazi hadi ipate joto, ndipo akakaza beringi, kidogo tu.

Alhamisi, kerezo likiwa kazini tangu asubuhi, lori likapiga honi nje.

"Mama Sunnvør, jamaa kashafika," Eyðun alisema, macho chini.

"Weka mkono juu ya beringi. Hesabu mpaka ishirini. Ukiungua, libebeni."

Akaweka. Ishirini ikapita, mkono uko palepale. Mbele yake shafti ilikuwa inazunguka, laini, inang'aa, haina wimbi hata moja. Ufundi wa mwanamke yule, mtu akikuambia ni bahati, mkatalie.

"Nililikaza vibaya mimi," Eyðun alisema, "halafu nikasingizia uzee."

"Tumeshazoea," Sunnvør akamjibu, naye mwaka ule alikuwa ametimiza sitini na nne.

Eyðun alitoka kuongea na dereva. Lori likaondoka na lile jiko bovu la karakana.