Nafasi ya Redio Juu ya Gogo

Kijana yule mfupi, mpana wa mabega, watu walimwita Kabari, kwa jina la kile kipande cha mti kinachopigiliwa kwenye mpasuko wa gogo ili msumeno usibanwe. Jina lilimkaa sawasawa. Ukishamweka mahali hatoki, na wala hasemi. Mwenzake aliitwa Redio, na hilo halihitaji maelezo.

Wawili hao walikuwa wapasua mbao. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka katikati yao. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa kamba yenye masizi. Wa chini anavuta tu na kula unga wa mbao. Redio alikuwa wa juu, bila shaka, maana huko ndiko mdomo unakofunguka. Alitangaza mpira ambao haukuwepo, aliigiza mahubiri, alimsema seremala wao ambaye tangu azaliwe hajawahi kusifia ubao hata mmoja. Kabari, chini ya kofia pana, alicheka kwa pua. Kufungua mdomo kule shimoni ni kushiba kabla ya chakula. Redio akimsemesha jambo la kujibiwa, Kabari aligonga mpini mara mbili, maana yake: maliza mstari kwanza, tutaongea baadaye. Mstari ukikatizwa katikati, ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule.

Baada ya mavuno, Redio alijiua.

Tuliseme hivyo hivyo, maana pale kijijini hakuna aliyelisema. Mazishini ilitajwa homa ya ghafla. Watu wazima walitikisa vichwa, na vijana waliobeba jeneza, ambao walijua kila kitu, wakatazama viatu vyao. Jioni waliendelea kukutana darajani kama kawaida, wakapiga soga za mpira, za simu, za nani kamtaka nani. Ikifika zamu ya kuchekesha, ambayo siku zote ilikuwa zamu ya Redio, wote waligeuka kuyatazama maji. Basi mmoja akaanza kuwa na shughuli, mwingine akawa na kichwa kinamuuma, na daraja likabaki la wapita njia.

Kabari ndiye aliyetangulia kuacha kwenda. Aliutundika msumeno ukutani, akawa anakula nusu na kulala nusu. Mama yake alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, jikaze," alimwambia. "Mambo hayo hayasemwi. Ukiyachokonoa yanazidi."

Alimpenda mwanawe kupita kiasi, na hapo alikosea kupita kiasi.

Kabari alikuwa na jambo la kusema. Katika siku zile za mwisho, Redio alinyamaza juu ya gogo, kitu ambacho kingemshtua hata aliyeupanda ule mti. Kisha akainama akasema, "Kabari, kuna kitu nataka kukwambia." Kabari akagonga mpini mara mbili. Walipomaliza mstari mvua ikashuka, kila mtu akakimbilia kwao, na Kabari akasahau kuuliza. Ndiyo hivyo tu. Lakini moyoni alikwishajihukumu kwamba yeye ndiye muuaji, na kwamba siku wenzake watakapojua, hawatamtazama tena usoni.

Gogo la mwisho lilikuwa bado juu ya shimo, halijapasuliwa hata nusu. Seremala akamjia juu Kabari.

"Unangoja mbao zangu ziote uyoga?"

Aliyejitolea kusaidia alikuwa mlinda lango wa timu, rafiki yao tangu utotoni, kijana mrefu waliyemwita Golikipa.

"Mimi nitashika chini," alisema. "Mikono ninayo."

"Mikono ipi?" Kabari alimuuliza. "Hiyo iliyofungwa mabao matano?"

Wakacheka, mara wakashikwa na aibu wote wawili, kama watu waliofumaniwa.

Kwa kuwa Golikipa hakujua kufuata mstari, ilibidi Kabari apande juu. Hakuwahi kusimama pale. Akatazama chini, akaona kitu ambacho hakuna aliyemwambia: kutoka juu huoni uso wa mwenzako. Unaona kofia. Miaka yote ile Redio alikuwa akizungumza na kofia. Kabari alimhurumia rafiki yake kwa namna mpya, ikamuuma hasa, lakini akashika mpini, kazi ikaanza.

Walikuwa katikati ya mstari msumeno ulipokuwa mzito. Chini hapakuwa na anayevuta. Kabari aliita. Kofia haikujibu. Akauacha msumeno ndani ya gogo na kurukia shimoni.

Golikipa alikuwa amechuchumaa, unga wa mbao umegandia kwenye machozi.

"Redio alikuja kwetu," alisema. "Jumapili ile. Akasimama mlangoni, akaniambia tutembee kidogo. Nikamwambia nina mazoezi, nipitie kesho. Nipitie kesho, Kabari! Mimi ndiye niliyemuua."

"Basi tuko wawili," Kabari akasema, na akamsimulia ya kwake yote, mvua na mpini. Alipomaliza, hasira zikampanda.

"Wewe ulikwenda mazoezini. Hukuua mtu."

"Na wewe ulikuwa kazini."

Hakuna aliyeamini kwa upande wake mwenyewe kwamba hana hatia. Kila mmoja aliamini kwa upande wa mwenzake, na hiyo ilitosha kuanzia.

Hata hivyo Golikipa hakupumua kama mtu aliyetua mzigo. Kabari aliliona hilo, akaogopa. Kunyamaza kulikuwa rahisi, tena alikuzoea.

"Nakuuliza bila kuzunguka," alisema. "Na wewe umefikiria kujiua?"

Golikipa alikodolea macho ukuta wa shimo.

"Juzi," alijibu. "Na leo asubuhi."

Kabari hakuhubiri. Alimshika mkono, akamvuta juu, wakaondoka. Seremala alipitia shimoni, akawafuata njiani.

"Msumeno mmeuacha katikati ya mstari! Mbao zangu je?"

"Zitaharibika, mzee," Kabari alisema, akapita.

Mama yake alikuwa uani akichambua maharage. Kabari alisimama mbele yake, bado ameushika ule mkono.

"Mama, huyu anafikiria kujiua. Siwezi kulinyamazia."

Golikipa aliinamisha kichwa. Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Kabari aliingoja ile kauli yake, na tayari alishaamua kugombana naye, mara ya kwanza maishani mwake.

Mama akaweka ungo chini. Alivuta kiti, akamketisha yule kijana mrefu karibu naye, goti kwa goti.

"Baba, leo unalala hapa, na sisi tutakuwa nawe," alimwambia. "Sasa hivi natuma mtu amwite mama yako. Kesho tunakwenda zahanati pamoja. Wakikuuliza unaumwa nini na ukashindwa kusema, nitasema mimi."

Kisha akamgeukia mwanawe, macho yamejaa.

"Na wewe keti. Nilikosea kukunyamazisha. Niambie."