Moshi Upande wa Manjula

Ulikuwa mwaka wa ishirini na moja; hapana, Mzee Farjallah hujirudi kila akikisimulia kisa hiki, ulikuwa ishirini na mbili, maana mume wa Manjula alikuwa ndiyo kwanza amefariki. Jirani yao hapo Malindi, fundi wa friji, hawashi pipa lake la kukaushia mbavu za ng'ombe kwa moshi kabla hajainua ncha ya kikoi aone upepo unakwenda wapi. Kwa kina Manjula, Wahindu, ng'ombe haliwi, na ukuta ni mmoja. Upepo ukielekea kwao, fundi hukaa akangoja. Ukigeuka, hutia makumbi ya nazi, kisha huzipaka mbavu ukwaju na pilipili mbuzi kwa fungu la mrehani, polepole, huku akiguna kama abembelezaye mtoto.

Siku ile wageni wa posa ya bintiye walikuwa njiani kutoka Watamu, na mbavu hizo ndizo walizosifiwa. Nje zimeiva, ndani bado, upepo ukageukia kwa kina Manjula. Ng'ambo ya ukuta, sala za matanga zikasita. Mtu akakohoa.

"Ziache ziive, baba Zakiya!" mkewe alinong'ona. "Wakwe wameshafika Gede. Utawalisha nini, aibu?"

Fundi aliinua ncha ya kikoi tena. Kisha akabeba ndoo ya maji, akaimwaga yote motoni. Majivu yakarukia mbavu. Sala zikaendelea.

Mzee Farjallah, aliyeitwa kuwapokea wakwe, bado huuliza: na Manjula mwenyewe, aliwahi kujua?