Moja, Mbili, Kisha Kibirizi

Gari la baba, lile kuukuu la kupandia milima, lilikuwa na tabia yake: ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedali inazama karibu kugusa sakafu; mara ya pili ndipo inashika. Baba alishalizoea. Kwenye mteremko wa Kibirizi, wa kushukia ziwani, alikanyaga moja, mbili, huku akiendelea na hadithi zake, na mama pembeni yake hakuwahi hata kugeuza shingo.

Baba alipofariki, gari lilibaki uani kwetu Gungu, na mama hakushuka tena ziwani. Bodaboda hataki kuisikia, bajaji anasema inamvunja mgongo. Nilijua anasubiri nini, nami nilikitaka kuliko yeye: kumpeleka ufukweni kwa gari lile lile, kwenye kiti kile kile. Lakini mguu wangu si wa baba. Siku niliyolijaribu nilikanyaga mara moja tu, nikaokolewa na lundo la kokoto za jirani. Nikamkasirikia marehemu kwa kutuachia gari linalomsikia yeye peke yake.

Nikamwita fundi kutoka Buzebazeba. Mimi sina subira na mafundi. Nikamwambia hata kabla hajafungua boneti kwamba ni upepo umeingia kwenye mabomba ya breki, autoe tumalize. Fundi alitazama mafuta ya breki, yamejaa. Alijilaza chini akapapasa kila bomba, pakavu. Kisha akaniambia nikanyage mara mbili, nishikilie. Nilishikilia hadi mguu ukafa ganzi, na pedali haikushuka, ilikuwa ngumu kabisa. Akasema ingekuwa upepo ningeisikia ikibonyea chini ya mguu, na ingekuwa masta silinda, pampu ya breki, imechoka, ingezama taratibu. Hapa viatu vya breki vya nyuma vimekaa mbali na dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu ambalo vinapaswa kulibana; mkanyago wa kwanza unaishia njiani, wa pili ndio unaovifikisha.

Dramu ilitoka kwa nyundo. Ndani yake ukamwagika mchanga, mchanga safi wa ufukweni, na ganda dogo la konokono wa ziwani.

"Dada, hili gari lilikuwa linaogeshwa ziwani?"

Lilikuwa. Kila Jumapili baba alilirudisha kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yakazama, akakunja suruali, akalisugua, mama akifua nguo pembeni na sisi watoto tukirushiana maji. Alisema maji ya bomba hayajui kuosha gari. Wangapi huku hatufanyi hivyo? Jumapili zile zote alikuwa akiziua breki zake kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa na furaha. Nililia mbele ya fundi, wala sikuona aibu. Nilitamani kumwona baba, na suruali yake iliyoloa.

Fundi alisafisha kutu na mchanga, akafunga viatu vipya, akavisogeza karibu na dramu. Pedali ikawa juu, ngumu. Akanionya nisiliingize tena majini. Ule mchanga niliufunga kwenye leso.

Kesho yake mama alipanda, akaweka kanga yake vizuri, tukaondoka. Kwenye mteremko wa Kibirizi nilikanyaga mara moja, gari likatii. Mama akageuza shingo, akautazama mguu wangu.

"Na ya pili?" akauliza.

Haikuhitajika. Hata hivyo nikakanyaga, kama baba.