Jiwe la Shingoni

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu Katoro, na kidole gumba chake kilijua mawe kuliko kilivyojua mashavu ya watoto wake. Siku mama alipomwita aone kinundu kilichoniota shingoni, chini ya sikio, hakuuliza kama kinauma. Alikibonyeza, akakisukuma huku na huku, akacheka.

"Mke wangu, hili si jipu. Hili ni jiwe."

Kweli lilikuwa gumu, kiasi cha punje ya hindi. Nilikuwa darasa la tano. Halikuniuma, ila niliona aibu, nikawa napandisha kola ya shati la shule kulificha.

Kosa la baba ni kuipeleka habari hiyo duarani. Duara ni shimo la dhahabu, na la kwao lilikuwa limewamaliza nguvu bila kutoa kitu. Mfa maji haachi kutapatapa. Watu waliokwisha kuchinja mbuzi na kuogeshwa dawa na kila mganga hawawezi kusikia kuna mtoto ameota jiwe mwilini wakanyamaza. Asubuhi iliyofuata walipita kwetu kabla ya zamu. Walinisalimia kwa adabu ambayo mtoto haonyeshwi, kila mmoja akanigusa shingoni kwa kidole gumba, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, wakaenda zao. Wiki hiyohiyo wakakutana na mwamba wenye dhahabu.

Nikaisha. Tangu hapo nikawa kifaa cha kazi, kama kamba na tochi. Sikuruhusiwa kwenda shule kabla zamu haijapita. Waliniletea soda na biskuti, na baba akanunua pikipiki, akawa anaimba bafuni. Nilimpenda baba yangu, na hilo ndilo linalonitia hasira hadi leo. Vidole vyao vilikuwa na vumbi la mawe na uchafu wa zebaki wanayokamatia dhahabu. Ngozi yangu ikawa nyekundu, ikawa zambarau, mwishowe ikapasuka ikatoa usaha na kitu cheupe kama chokaa. Hawakuacha. Walibonyeza pembeni ya kidonda huku wakisema, "Pole, mayu," nami nauma meno.

Mama alimwambia baba nipelekwe hospitali, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Kafichwa nani?" baba akajibu. "Mtaa mzima unamwona. Likitoka hilo, na sisi ndio tumetoka. Subiri huu mwamba uishe."

Homa iliponishika, mama hakusubiri mwamba. Alimuaga baba kwamba tunakwenda Ibadakuli, karibu na Shinyanga, kumwona mama mdogo aliyejifungua. Mama mdogo hakuwa hata na mimba. Kulipokucha tulikuwa kwenye benchi la hospitali mjini Shinyanga, mama amenifunga kitenge shingoni kana kwamba ameniiba.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, mpole. Alinigusa kidogo tu.

"Huu ni uvimbe unaoota kwenye shina la nywele," akasema. "Watoto na vijana huwatokea, hasa kichwani na shingoni. Ukikaa unajaa chokaa, ndiyo maana mgumu hivi. Sioni dalili ya saratani. Umeoza kwa sababu ya kuchezewa. Tutautoa, tupeleke kipande kikapimwe, basi."

"Kwa hiyo hauna maana yoyote?" mama akauliza.

"Maana gani, mama?"

Mama akaanza kukikunja kitenge.

Walinichoma ganzi. Nilisikia kuvutwa, kisha kile kitu kikadondoka kwenye bakuli la chuma, kikalia ti! Nilicheka kwa sauti, kwa furaha, na nesi akacheka nami.

Tulipotoka hospitali tulifikia kwa mama mdogo, na bado tulikuwa huko simu ilipoita. Duara limetitia, na baba yuko chini. Mvua ilikuwa imenyesha Katoro mfululizo. Magogo yaliyoshikilia kuta yalikuwa yameoza, baba mwenyewe alikuwa akiyalalamikia mezani kila tulipokula. Walimtoa sisi tukiwa njiani, akiwa maiti.

Msibani shangazi, dada yake baba, alinikumbatia akilia kwa uchungu wa kweli. Mkono wake ukapita shingoni kwangu ukakutana na bandeji. Kilio kikakatika palepale.

"Liko wapi?" akauliza.

Wanawake kwenye mikeka wakageuka. Akarudia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume, "Jiwe liko wapi?"

"Ulikuwa uvimbe," mama akasema. "Daktari kasema uvimbe."

Hakuna aliyetaja magogo. Baada ya maziko tuliondoshwa na nguo zetu tu, mama akiitwa muuaji na watu waliokuwa wakimwita shemeji. Tukahamia Ibadakuli. Majibu ya kipimo yalitoka kama daktari alivyosema, na kovu likapona vizuri. Kuhusu siku ile mama hakusema lolote, nami nilidhani ni kwa sababu anajua alikuwa sahihi.

Nimeolewa sasa, tena na mchimbaji. Huku kwetu ukimkataa mchimbaji, utamngoja sana huyo mwingine. Mwaka huu binti yetu ameota kinundu mkononi, juu ya kiwiko. Nilikigusa nikakijua kabla sijakibonyeza. Nilimpigia mama simu, mwanamke aliyemdanganya mumewe ili mimi nipone, nikamwambia nampeleka mtoto hospitali leo hii.

Akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Shimoni."

"Basi ngoja apande kwanza."

"Mama! Si ulikuwepo daktari akisema?"

"Nilikuwepo. Ngoja apande, mwanangu."

Nilikasirika. Nilimwambia ni uvimbe wa shina la nywele, haujui shimo wala kamba, na aliyemuua baba ni magogo mabovu. Nikamkatia simu. Kisha nikamvalisha mwanangu sweta la mikono mirefu, kwenye jua lile, mtu asije akamwona mkono, tukatoka. Hatukwenda hospitali. Tulikaa kwenye ukuta wa duka linalotazama njia ya machimboni, tukamngoja baba yake.