Muuguzi Anayepima Miguu

Muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Mpanda ana mikono mifupi, na kabla ya kumgusa mgonjwa huipuliza kwanza ipate joto. Akimwambia mume wangu, "Baba, fumba macho," Alois hufumba papo hapo. Mimi nikimwambia avue viatu tu, hununa. Muuguzi humgusisha vidole vya miguu kwa kichupa cha maji ya uvuguvugu, halafu cha baridi, kisha humchoma kidogo kwa pini na kusubiri jibu bila kumharakisha. Mimi hukaa kwenye benchi, nikimwonea wivu muuguzi.

Juzi alimuuliza, "Na hapa je?" Machozi yakamtoka Alois. "Sisikii kitu, dada. Hata kaa la moto nilikanyaga, sikujua." Nyumbani kwetu Kawajense alikuwa ameniambia kidonda cha unyayoni kimetokana na kiatu. Muuguzi hakumkaripia, aliendelea kuukumbatia ule mguu kwa viganja vyote viwili. Kisha akanitazama, akasogea pembeni, akaninong'oneza, "Mama, njoo umshike." Nikaushika mguu wa mume wangu. Naye, macho bado kayafumba, akasema, "Asante, dada. Mikono yako ina huruma."