Kikohozi cha Faina Pavlovna

Faina Pavlovna Shirobokova alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha bunduki hapa Izhevsk, baba yake akisugua mitutu na mama yake akipika kantini. Angezaliwa mji mwingine pengine angekuwa mshonaji au muuza samaki, na usiku angelala. Lakini mtu hachagui mlango wa kuingilia duniani. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa kwenye timu ya shabaha ya kiwanda. Mara mbili akawa bingwa wa jimbo letu lote la Udmurtia, kisha jicho la kulia likaanza kumwona mtu mmoja wawili, wakampa watoto awafundishe. Mume alikuwa ameshakufa na mtoto hakujaliwa, kwa hiyo wale wa watu akawafanya wake. Akawapikia perepechi, vimkate vyetu vya uyoga, akawapiga makofi ya kisogoni wakizembea, na homa zao akazijua kuliko mama zao.

Kiwanja cha shabaha kiko nyuma ya kiwanda, ukingoni mwa msitu wa misonobari. Wapigaji hulala kifudifudi ndani ya banda lenye jiko, madirisha wazi kuelekea theluji, na shabaha ziko nje, mita hamsini. Vifaa ni vyetu wenyewe: bunduki za Ural, na darubini nzito za Zagorsk zilizosimama kwenye miguu mitatu. Mzee Kuzma, mtunza silaha wa klabu, alikuwa hataki hata kusikia habari za bunduki za Kijerumani.

"Ya Mjerumani ni bibi harusi," alikuwa akisema. "Uipambe, uibembeleze, na baridi kidogo tu imenuna. Ural ni mke wa shamba. Iangushe kwenye theluji, ipanguse, twende kazi."

"Kama wewe tu, Kuzma," Faina alimjibu. "Ila wewe hata ukipanguswa hutakati."

Somo lake lilikuwa la maneno matatu: piga, sema, tazama. Ukishapiga, marufuku kuikimbilia darubini. Kwanza useme risasi imekwenda wapi, kwa jinsi mwili wako ulivyoisikia ikitoka, ndipo uweke jicho kwenye kioo ulione tundu. Mtoto aliyesema kumi, yaani katikati ya shabaha, na kioo kikaonyesha nane alirudia mpaka machozi. Faina hakuwa na huruma kwenye hilo. Alisema mpigaji anayengoja kuambiwa na kioo si mpigaji, ni mtazamaji.

Arkasha Lekomtsev aliletwa kwake akiwa na miaka kumi na moja, mwembamba, mpole, mtoto wa pekee wa Klavdia aliyekaa ghorofa ya chini ya Faina. Kufika miaka kumi na saba, Arkasha alikuwa akisema "kumi" kabla ganda la risasi halijagusa sakafu, na kweli ikawa kumi. Faina hakumsifu hata siku moja mbele yake. Sifa zote alimwambia paka wake nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne kijana alitimiza kumi na nane, akaitwa jeshini. Faina akavaa koti lake la sikukuu, akazifunga medali za Arkasha kwenye kitambaa, akaenda ofisi ya uandikishaji kumwombea nafasi kwenye kikosi cha michezo, wanakopelekwa wanariadha wamalize miaka yao miwili kwa kukimbia na kutoboa karatasi za shabaha. Kapteni mmoja akazigeuzageuza zile medali, macho yakimng'aa.

"Kwani anapiga vizuri kiasi hiki?"

"Hakosi," Faina akasema, kwa majivuno, Mungu amsamehe.

Kizuri chajiuza, wanasema, lakini hawasemi mnunuzi ni nani. Arkasha alipewa bunduki iliyofungwa darubini juu yake, akapelekwa kusini, Chechnya, kwenye vita.

Februari ya mwaka wa tisini na sita alirudi kwa likizo ya jeraha, kipande cha chuma kimempita pajani. Klavdia akapanda ngazi hadi mlangoni kwa Faina, shuka ya kitanda ingali mkononi.

"Hali, halali. Anakaa jikoni anatazama ukuta. Nikimgusa bega anaruka. Faina, mwenzangu, mchukue huko kwenu. Labda akiwa na bunduki yake ya zamani atarudi."

"Mlete kesho," Faina akasema. "Na wewe ukalale."

Faina alikuwa na lake kichwani. Mashindano ya mkoa yalikuwa Machi, na kila mwaka kikosi cha michezo kilichukua vijana kutoka kwa washindi watatu wa kwanza. Arkasha akiingia hapo, atamalizia jeshi lake kwenye karatasi. Asipoingia, likizo ikiisha anarudi kwenye batalioni yake, na kwenye batalioni ile walikuwa wamebaki wachache. Njia ya tatu haikuwepo.

Kesho yake kijana alilala kwenye mkeka, akapiga.

"Sema," Faina akamwambia.

"Kumi."

"Tazama."

Arkasha hakutikisika.

"Nimekwambia tazama. Kioo hicho hapo, kinauma?"

"Sitazami, Faina Pavlovna."

"Wewe! Upepo ukikuhamisha utajuaje? Kwa kuota?"

"Kule walinipa mwenzangu wa darubini," Arkasha akasema, shavu bado kwenye kitako cha bunduki. "Kila nikipiga ananipa kioo. Tazama, umempata, tazama. Wengine hawatazami. Mimi nilikuwa natazama kila mara, maana wewe ndivyo ulivyonizoeza."

Faina alikwenda nje akasimama kwenye baridi bila kofia, na Kuzma aliyepita na ndoo ya makaa akajua asimtanie.

Aliporudi alikuwa ameshapata njia. Kwenye mashindano mwalimu haruhusiwi kusema na mpigaji aliye kwenye mstari. Akibambwa, mpigaji wake anatolewa. Lakini sheria haijawahi kukataza mafua, na walimu wa kwetu wote wanaugua kifua ifikapo Machi, waamuzi nao ni watu wazima, wanafumba macho. Faina atakaa nyuma na darubini yake, yeye ndiye atakayetazama. Tundu likienda kulia, atakohoa mara moja. Likienda kushoto, mara mbili. Akinyamaza, ni kumi. Arkasha atazungusha kijigurudumu cha kulengea kufuata kikohozi, na kioo hatakigusa.

Wakafanya mazoezi hivyo wiki baada ya wiki. Klavdia akaleta habari kwamba sasa anakula viazi. Siku moja Arkasha alimcheka Kuzma aliyeteleza na kukaa ndani ya ndoo yake, na Faina akaenda stoo akajifungia, akalia kwa furaha.

Siku ya mashindano kulikuwa na baridi kali na upepo wa ubavuni wenye hila, unalala kisha unarukia. Banda lilijaa. Karibu na jiko alikaa luteni kanali mgeni, koti la ngozi ya kondoo begani, hasemi na mtu. Faina alimwona akafurahi, akidhani ndiye mtu wa kikosi cha michezo. Akaweka jicho lake zima kwenye kioo. Arkasha alipiga kama zamani. Upepo ukimsukuma, Faina anakohoa, kijigurudumu kinazunguka, tundu linarudi katikati. Zilipobaki risasi kumi, alikuwa mbele ya kijana wa mji wa Votkinsk, aliyekuwa wa pili, kwa pointi tatu.

Hapo ndipo Kuzma alipomvuta shali kwa nyuma.

"Faina, njoo huku. Kuna balaa."

"Niache, ana kumi tu zimebaki!"

"Njoo nakwambia."

Akamvuta hadi mlango wa stoo. Alikuwa ametoka kumpa chai dereva wa yule luteni kanali, na dereva, kama walivyo madereva, mdomo haukufungwa.

"Yule si wa michezo," Kuzma akanong'ona. "Anatafuta wadunguaji. Mwaka huu mshindi wa kwanza wanamchukua wao, moja kwa moja kusini, kikundi kipya. Wa pili na wa tatu ndio wanakwenda michezo."

"Umelewa?"

"Natamani ningekuwa nimelewa."

Faina alimtazama kijana aliyelala mstarini. Hakuweza kumwita, hakuweza kumgusa. Neno moja tu na mwamuzi angemtoa, na aliyetolewa hana nafasi yoyote, anarudi batalioni. Alichobaki nacho mwanamke yule ni kikohozi. Alihitaji Arkasha apoteze pointi nne. Si tatu, na si kumi. Nne. Akarudi kwenye darubini, mtu aliyefundisha watoto miaka ishirini kwamba uongo mdogo kwenye mstari ni wizi.

Arkasha akapiga. Tundu lilikaa katikati kabisa, kumi safi.

Faina akakohoa mara mbili.

Kijigurudumu kikazunguka. Risasi iliyofuata ikaenda kulia, tisa. Kwa haki ilikuwa akohoe mara moja. Akakohoa tena mara mbili, yaani ongeza, sogea tena kulia. Arkasha akainua kichwa kidogo. Alikaa hivyo, bunduki imetulia, na Faina akaomba Mungu wa mama yake, na miungu ya msituni ya bibi yake wa Kiudmurti pia, kijana amwamini mara moja hii tu. Mkono wa kijana ukaenda kwenye kijigurudumu. Ukakizungusha kurudi nyuma, pale pale kilipokuwa.

Kumi.

Akakohoa mara mbili. Arkasha hakugusa kitu. Kumi. Akakohoa tena, kwa nguvu, banda zima likageuka. Kumi. Akakohoa mpaka shali ikamwanguka, mpaka mwamuzi akamjia kwa upole.

"Faina Pavlovna, mama, nenda kanywe chai ya moto. Utatufia hapa."

Watu wakacheka. Hata luteni kanali akatabasamu. Faina akaendelea kukohoa huku machozi yanamtiririka, na kule mstarini kijana akaendelea, kumi, kumi, kumi, kama mtu anayepigilia misumari jeneza lake mwenyewe.

Walipotangaza mshindi, Arkasha alimjia akitabasamu, tabasamu la kweli, la kwanza tangu arudi.

"Kioo kilishika ukungu, eh? Mwishoni ulikuwa unaona vibaya, maskini. Nikasema, basi, nijisikilize mwenyewe. Twende tukamwambie mama. Atalia yule!"

"Kioo kilikuwa safi," Faina akasema.

Akamweleza yote, pale pale karibu na jiko, sauti ya chini, ameshika mikono yake miwili. Ilikuwa bora alisikie kwake kuliko kwa yule mwenye koti. Arkasha alisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilichelewa usoni kama mgeni asiyejua kwamba chakula kimekwisha.

"Ungenirushia hata kiatu," akasema.

"Wangekutoa, mwanangu."

"Kweli. Wangenitoa."

"Nilitaka ukose. Kidogo tu. Nne tu."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Faina.

"Kukosa hukunifundisha," akasema.

Luteni kanali alikuwa ameshafika, mkono mbele. Akampa Arkasha hongera, akampigapiga begani kama mtu aliyenunua farasi, kisha akamgeukia Faina.

"Mwalimu ni wewe, mama? Kazi nzuri sana. Unao wengine kama huyu?"

Watoto wa klabu walikuwa wamejipanga dirishani, midomo imejaa mikate.

"Sina," Faina akasema.

Arkasha alirudishwa mwezi wa Juni ndani ya sanduku la zinki, na Klavdia hakuruhusiwa kulifungua. Hakuna aliyekuwa amemweleza ya siku ile. Makaburini alimkumbatia Faina, akamshukuru kwa kumpenda mwanawe, kwa kumfanya bingwa kabla hajafa. Kuzma ilibidi amshike Faina kiuno asianguke.

Watu walidhani sasa ataacha. Hakuacha. Aliendelea kufungua banda, kuwasha jiko, kuwapikia. Lakini tangu mwaka ule hakuna mtoto wa Faina Pavlovna aliyepanda jukwaa la washindi. Mtoto akianza kusema "kumi" mara nyingi mno, Faina atamsogeza kiwiko kidogo, au atamwambia azuie pumzi zaidi ya inavyofaa, au atamnyang'anya bunduki aliyoizoea ampe nyingine. Akija aliyejaliwa kweli, huyo ndiye aliyekula taabu: alibadilishwa hiki na kile mpaka kipaji kikachoka. Kuzma aliona yote, akanyamaza. Mjini wakasema mama amekwisha, jicho limekufa, apumzishwe.

Baba mmoja, fundi wa pale kiwandani, alimjia juu mbele ya watoto wote.

"Timur wangu mwaka mzima yuko kwenye nane! Nane, nane, kila siku nane! Alipokuja hapa alikuwa anapiga kumi. Unamfundisha kitu gani wewe mama?"

Faina alikuwa akipangusa darubini kwa kitambaa. Hakusimama.

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na sita."

"Basi nane zinamtosha," Faina akasema, akachukua darubini nyingine.