Joto la Wakwe Kutoka Makete

Hili nalisimulia huku nimefunika uso, maana nusura niwaue wakwe wa mdogo wangu, tena mbele ya mtaa wetu mzima wa Gungu, na yote kwa sababu nilitaka wasikie joto. Joto, jamani, Kigoma hii.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, sokoni mablanketi mazito ya kijivu yamejaa kuliko khanga. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na mdogo wangu Neema alikuwa amechumbiwa na Fidelis, kijana wa Makete aliyehamishiwa kwetu kikazi. Wazazi wake walikuwa wanakuja kutuona kwa mara ya kwanza. Fidelis alishatusimulia baridi ya kwao, umande unavyoganda juu ya majani na watu wanavyozunguka moto. Sasa, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihudumia wakimbizi alikuwa ameniachia gazeti lenye picha za nyumba za kwao wakati wa theluji, viti vimevikwa sufu, ngozi sakafuni, mapazia mazito, moto pembeni. Nikaamua (hakuna aliyenituma) sebule yetu iwe vile, wazee wajisikie wako kwao.

Makochi nikayavalisha mablanketi, madirishani nikatundika mapazia ya blanketi, sakafuni nikatandaza ngozi za kondoo kutoka machinjioni. Mama yangu alipoingia akauliza kama humu ndani kuna mgonjwa wa malaria. Nikamjibu kwamba ndivyo watu wanavyopamba siku hizi.

Wageni walifika na Fidelis mchana, pamoja na mvua kubwa ya upepo kutoka ziwani. Tukafunga madirisha na mlango. Nikaona bahati imenijia, hata baridi imekuja yenyewe, basi nikaingiza jiko la mkaa uliokolea na kuliweka katikati. Baba yake Fidelis akasifu viti, mkewe akapapasa ngozi akitabasamu, na mimi kichwa kikavimba kwa sifa.

Mazungumzo yakaanza kupoa. Mzee akapiga miayo, kichwa kikalalia bega. Nikamnong'oneza Neema, "Unaona? Amejisikia nyumbani." Neema akasema kichwa kinamgonga, nikamwambia ni woga wa uchumba. Mara mama mkwe akateleza kwenye kochi taratibu kama nguo inayoanguka kambani, akalala chali juu ya ngozi, macho meupe. Nikataka kusimama, miguu ikakataa.

Mama yangu, aliyekuwa jikoni nje, alisukuma mlango alete chakula akapigwa usoni na hewa nzito ya mkaa. "Imana yanje! Mungu wangu! Watoeni nje!"

Fidelis akavunja kioo cha dirisha kwa kigoda. Tukawaburuta wazee mpaka uani, kwenye tope na mvua, yule mzee kaviringika blanketi la kochi mpaka shingoni. Jirani aliyechungulia uzioni akaona watu wawili wamelazwa, mmoja amefunikwa, akaangua kilio cha msiba. Watu wakaja mbio, wanawake wakavua vilemba, mwingine akauliza kaburi linachimbwa wapi. Mimi nimekaa kwenye tope, nawaza nitakavyomwambia Neema kwamba nimemfanya mchumba wake yatima.

Hapo mzee akafumbua macho, akautazama ule umati unaolia, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amefariki?"

Mkewe akakohoa, akatapika, akaanza kupumua vizuri, nami nikalia kuliko waombolezaji wote.

Hospitali waliwapa hewa, wakalala huko, kesho yake wakatoka wazima. Nilipiga magoti kuomba radhi. Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, kwetu jiko likiwa ndani, mlango hauzibwi. Halafu sisi tumesafiri siku zote zile kwenye treni tuje kuota jua."

Ndoa ilifungwa, nashukuru. Tangu hapo mgeni wangu simpambii nyumba kabla ya kumuuliza anapenda nini. Lakini wakwe wa Makete wakija, hata mvua inyeshe vipi, chai yao wananywea barazani.